Safu ya Saba

Daftari la maziko la kanisa letu, Kilembe,
lina safu saba kila ukurasa:
jina, umri, kijiji, ugonjwa,
siku ya kufa, siku ya ubatizo,
na ya mwisho, nyembamba kuliko zote:
Ameokoka lini?

Mimi ndiye karani.
Tarehe yangu naijua hata nikiamshwa usiku:
tisa Agosti, saa kumi jioni,
mkutano wa injili kwenye uwanja wa mgodi,
mvua ikipiga vipaza sauti.
Nililia. Sikulia kwa uongo.

Leo tunamzika Ithungu.

Ithungu wa pombe ya ndizi,
aliyekanyaga mbivu zake Jumapili tukipita
na Biblia kwapani,
akatuinulia mguu mmoja wenye povu.
Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Mwaka ule mama alipoanguka kizingitini,
upande wa kushoto umekufa, mdomo umepinda,
mimi nilikuwa Bwera, siku ya pili ya kufunga,
nikiombea afya yake.
Naam, mama huyo huyo.
Nilimtaja kwa jina, mara nyingi, kwa sauti.

Aliyemwokota ni Ithungu.
Alimwokota kama nguo iliyoanguka kambani:
akamkung'uta vumbi, akamrudisha ndani,
bila hotuba.

Miezi kumi na minne alimgeuza.
Ubavu huu, ubavu ule.
Maji ya chumvi, majani ya mpera.
Vidonda vya mgongoni alivijua kwa moyo
kama ninavyozijua zaburi.
Nilimlipa sabuni.
Mara nyingine nilisahau sabuni.

Mchungaji Masereka si mtu mbaya.
Asubuhi hii ameniambia polepole:
Karani, mbingu haipimwi kwa kilo.
Wema ukiwa ndio nauli, nani atafika?
Na mama yako, aliyeshindwa kuinua kijiko,
angelipa nini?
Nikanyamaza, maana ni kweli.
Mama alikufa mikono mitupu,
akicheka kwa nusu ya uso,
na sina shaka kwamba alipokelewa.

Lakini mikono ile mitupu
ilikuwa safi. Kucha zimekatwa.
Nani alizikata?

Nilimwuliza mara moja tu, nimesimama mlangoni
na swali langu la Jumapili:
Ithungu, utampokea Yesu lini?
Alikuwa akikamua kitambaa. Hakugeuka.
Mwambie akipita aingie, alisema,
mlango huu haujawahi kuwa na kufuli.
Ila avue viatu. Nimetoka kusiriba.

Niliona ni kufuru.
Niliwasimulia wazee wa kanisa,
tukatikisa vichwa, tukaendelea na chai.

Sasa Nyamwamba unaguguna mawe yake huko chini.
Jeneza liko nje, juu ya viti viwili vya plastiki,
na walevi wake, waliooga leo,
mmoja amevaa tai ya shule ya mwanawe,
wanangoja kusikia kama kengele itapigwa.

Nimeandika jina. Umri, kwa kukisia.
Kijiji. Ini. Jumanne.
Kwenye ubatizo nimeweka kistari.
Kwenye ya saba nikakaa muda mrefu
hata wino ukakauka ncha.
Kisha nikaamua kudanganya, Mungu anisamehe:
ameokoka, bila tarehe,
mwenye kuuliza na aulize.

Mkono ukateleza.
Niliposoma nilikuta t mahali pa k:
ameokota.

Nilitafuta kifutio, kisha nikaacha kutafuta.
Nikafunga daftari, nikatoka nyuma
ili mchungaji asinione.
Kamba ya kengele ilikuwa imelowa umande.
Nikaivuta.