Iinamishe Dirishani

Desemba hapa Umeå jua huja kama mgeni mwenye haraka:
hubisha saa tatu unusu, saa nane ameshavaa koti.
Katikati ya hapo ndipo ninapolinganisha rangi.

Taa haifai. Taa ni shahidi wa kununuliwa,
itaapa kwamba wino huu na karatasi hii ni pacha;
wapeleke dirishani, mmoja ana manjano shavuni,
mwingine ana ubuluu wa baridi, hata ujirani hawana.

Wala usiamini kifuniko cha pedi.
Kiwandani walichapa juu ya cheupe,
na juu ya cheupe kila rangi hujisemea.
Damu ya mzee juu ya krimu inazeeka kweli;
juu ya waridi iliyopauka ni jamu iliyomwagika.
Nili juu ya kahawia inazama, huioni tena.
Karatasi hunywa wino kwa koo lake yenyewe.

Nina kopo la biskuti, vipande mia na kumi na viwili,
vyote vimepigwa muhuri uleule, jani la mbetula,
na nyuma, kwa penseli: wino gani, karatasi gani,
siku hiyo mawingu kiasi gani.
Jirani yangu Solvig hucheka. Ragnvi,
watu hutupa kadi sikukuu ikipita.
Najua. Hata mkate huliwa ukaisha,
na bado tunaupima unga.

Karatasi ya leo ni ya mwisho, zimebaki tatu:
kijani kinachoelekea kijivu, ukoga juu ya jiwe,
rangi ya mbao za kibanda cha baba kule ziwani.
Kiwanda kiliacha kuitengeneza.
Kibanda nacho kimeuzwa. Nilitia saini mimi,
kaka yangu Egil akiwa hospitali, mguu umefungwa vyuma,
na sikumuuliza.
Miaka sita. Salamu zetu hupita kwa watoto
kama chumvi kati ya watu wasiotazamana mezani.

Kijani cha msonobari kilipiga kelele.
Kijivu cha risasi kilikaa juu juu, kama majivu.
Wa tatu nikauchanganya mwenyewe:
kijani matone manne, kijivu matatu, hudhurungi moja
(nusu; nyingine niliifuta kwa kijiti),
nikaupaka kwenye mpira kwa sponji, nikabonyeza,
nikahesabu hadi tano, nikainua.

Hakuna kitu.

Nikadhani muhuri haukushika. Nikaigeuza karatasi,
na mwanga wa saa saba ukaipitia ubavuni:
herufi zikaamka, mbichi, zinang'aa kidogo tu,
neno moja ambalo mdomo wangu haujawahi kulimaliza mbele yake.
Kisha zikalala tena.

Nikawahi kunyunyiza ule unga usio na rangi,
nikaupasha moto hadi ukayeyuka, ukavimba kama kovu,
ili wino ukikauka neno lisiende nao.

Solvig akasema, rudia kwa nyeusi, mtu asome.
Nyeusi ninazo. Tatu, na moja haichuji hata mvuani.
Lakini nyeusi ingemkodolea Egil macho akiwa bado mlangoni,
hajavua hata viatu.
Wanasema macho hayana pazia.
Nimelishonea neno langu moja.

Nyuma nikaandika kwa penseli: Isome mchana. Iinamishe dirishani.
Stempu ya posta ilikuwa nyekundu, haikulingana na chochote.
Nikaibandika hivyohivyo.

Sanduku lilipokwisha kuimeza ndipo nikakumbuka
kwamba Egil amehamia Kiruna,
na Kiruna jua halichomozi tena hadi mwaka ugeuke.

Ana taa, ndiyo.
Nimeshasema ninavyozijua taa.
Ana vidole pia.