Ukurasa wa Kumi na Moja

Karatasi za zawadi hatutupi nyumbani kwetu.
Mama huzibandua gundi kwa ukucha, taratibu,
huzipiga pasi ya uvuguvugu, huzilaza chini ya godoro,
na miaka yote hiyo tumelalia sherehe za watu:
waridi za kina Mkunde, kengele za kipaimara cha Elinami,
vipepeo waliokuja na sufuria ambayo haikuchelewa kutoboka.

Leo nimezitoa zote. Jumamosi ni sendofu ya mdogo wangu Ndeshi,
ukumbi umelipiwa pale Majengo, kamati imekaa mara sita,
na mimi, niliyeshindwa kuahidi hela, niliahidi albamu.

Sebule imekuwa kiwanja, nami mpima viwanja.
Picha kubwa huku, mbili ndogo ziiegemee,
pembeni vidole viwili vya utupu, jicho nalo lipumue.
Nimeshajua: maua juu ya maua ni kelele.
Gauni la madoa lataka karatasi isiyosema sana.
Picha ya mavuno ya kahawa kule Kibosho
nimeipa kaki ya bahasha za ofisini
na uzi wa gunia kwenye kona mbili.
Imekaa. Mlima, uliotokea nyuma bila kualikwa,
nimeupunguza kileleni; ukurasa haukuutosha.

Kisha ya kumi na moja.

Studio, mwaka tisini na nne, maporomoko ya kuchora ukutani.
Mama amesimama. Mimi nimeng'ang'ania mkono wa kiti.
Ndeshi, miezi minane, ameketi juu ya hewa,
maana aliyempakata alikatwa,
na mkasi naujua, ule wa meno, wa kushonea:
ukingo wa tundu una vimeno kama biskuti.
Vidole vinne tu vimebaki, kiunoni mwa mtoto.
Hivyo huwezi kuviondoa bila kumkata na yeye.

Tumekua na tundu hili. Hatukuuliza.
Mgeni akiifikia picha hiyo,
Mama huenda jikoni kuangalia maharage.

Nifanyeje na mtu ambaye ni dirisha?
Nikimwekea nyeupe nyuma, anakuwa mzimu.
Nyeusi ni msiba, na msiba hatujaletewa,
tuna uvumi wa Tunduma tu
na kadi moja ya Krismasi isiyo na anwani.
Nikapitisha vipepeo: kichwa kikajaa mabawa,
nikacheka peke yangu, nikaona haya.
Kengele: akawa kanisa.
Mwisho waridi za kina Mkunde, nyekundu iliyopauka,
zikamkaa mabegani kama shati la kitenge.
Nikamwacha hivyo. Nikapika gundi ya ngano.

Mama akaingia na ungo wa mchele.
Akapita.
Akarudi.
Brashi nimeishika juu, gundi inanidondokea gotini,
nangoja tusi, au machozi, au maharage.

Akavaa miwani.
"Halikuwa na maua," akasema.
"Lilikuwa la mistari. Ya bluu, myembamba.
Nililipiga pasi mimi, asubuhi ile."

Akapiga goti, lile lile bovu, akachakura karatasi,
harusi moja baada ya nyingine, hakuna mistari.
Akavuta daftari la michango juu ya kabati,
akapita majina ya waliotoa, na ya walioahidi,
akachana ukurasa mtupu wa nyuma.
Akaugeuza ubavu, mistari ikasimama wima,
akauteleza nyuma ya tundu:
bluu, myembamba, tangu shingoni hadi chini,
na ule mwekundu wa pambizo ukampita kiunoni kama mkanda.

Tukatazama.
Mchele ulikuwa umemwagika kidogo juu ya vipepeo.

"Sogeza kushoto," akasema, akitafuta ungo wake.
"Umembana mtoto."