Punda Yupi

Niliandika ubaoni, kwa chaki iliyobaki nusu kidole:
*The old man has a white donkey.*
Nikawaambia, pigieni mstari neno linalosifu.
Mistari thelathini na minane,
yote chini ya punda.

Sikuwalaumu.
Katika sentensi nzima ndilo neno pekee lenye kwato.

Basi nikachukua kitambaa, nikafuta *white*, nikafuta *old*,
nikasema: haya, punda wa babake Famau kakata kamba
tangu alfajiri, na simiti iko jetini inangoja kubebwa.
Nendeni Langoni mkamlete.

Kimya. Kisha Shekuwe, yule asiyekaa kitini:
"Mwalimu, punda yupi? Langoni wamejaa!"

Ehe. Neno la kujibu *yupi*,
hilo ndilo ninalolitaka.

Wakamiminika: mweupe, mkaidi, kilema,
mwenye kidonda mgongoni,
yule aliyekula daftari la Lali.
Nikawaacha wawamalize punda wote wa mji.

Kigumu kilikuwa mbele.
Kwetu sifa hufuata nyuma, wala haiji uchi:
mtu mkubwa, kiti kikubwa, mawe makubwa,
kila ngeli na kanzu yake.
Kwa Kiingereza *big* hutangulia,
na *big* ni *big* tu,
harusini *big*, matangani *big*,
kwa mmoja, kwa mia.
"Hana nguo za kubadilisha?" akauliza Lali.
Hana.
"Maskini."

Saa tano na nusu, nikisahihisha,
punda alilia nyuma ya ukuta
na darasa zima likakimbilia dirishani kutazama rangi.

Daftari la Mwanahawa. Sentensi ya tano kitabuni:
*My mother is tall.*
Kapiga mstari chini ya *my*,
mara mbili, hata karatasi imetoboka.
*Tall* kaliacha lilivyo.

Mwongozo wa mwalimu una jibu moja tu.
Nikamwita. Mbona hivi?

"Ulisema neno la kujibu yupi.
Mama yupi? Wangu."

Na hili jingine, la urefu?

Akatazama viatu vyake.
"Hilo silijui, mwalimu. Yuko Jeddah.
Kwenye simu kila siku huwa amekaa."

Na asubuhi ile ile, kwenye somo la Kiswahili,
ni mimi niliyewafunza, kwa sauti ya juu, wakarudia:
*wangu* nalo ni kivumishi.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi.
Nikafikiria nusu alama,
nikashindwa kujua nusu ya nini.
Nikaandika moja.

Kengele ikalia. Shekuwe kashafika njiani,
anamkimbilia mwanapunda wa juzi, miguu kama mikwaju,
na kumwita kwa jina alilojifunza leo:
*Big! Big!*
Naye, wallahi, akageuka.