Kicheko Kilichochelewa

Alizaliwa Vlasta Hruska, nyuma ya kiwanda cha chuma,
Cleveland, ambako theluji huanguka nyeupe
na kufika chini imekwisha kuwa masizi.
Mama yake, Ludmila, alisugua ngazi za benki kwa magoti,
na Kiingereza chake chote kilienea mfuko wa aproni:
asante, samahani, bei gani, kesho.

Mwaka hamsini na nne, Los Angeles, bwana mmoja mwenye sigara
alilitazama jina lile kama atazamaye mwiba wa samaki.
"Hili," akasema, "litawakwama watu kooni."
Akampa lingine: Valerie Hurst.
Alilivaa kama viatu vya kuazima,
akikanyaga taratibu, asivichakaze.

Mimi nilikuwa fundi wake wa nguo.
Nayajua yaliyokuwa chini ya gauni la Bi. Grabel,
yule jirani wa ghorofa ya tatu asiyejua kubisha hodi:
sifongo magotini, sifongo nyongani,
na bandeji, maana kila Ijumaa, misimu tisa,
aliingia kwa mlango uleule, akajikwaa.
Kwenye zulia. Kwenye mbwa.
Mara moja kwenye keki ya harusi, nami nikafua hadi alfajiri.
Alivunja mbavu za nchi nzima;
wake mmoja ulivunjika kweli,
akamaliza onyesho kakumbatia jokofu
na watu wakadhani hata hilo ni mzaha.

Wanaume wawili wa kipindi kile walijichimbia mabwawa ya kuogelea.
Yeye alimaliza deni la nyumba ya mama yake.

Msimu wa tatu, Ludmila akaja mwenyewe,
siku tatu ndani ya treni, na kikapu cha maandazi ya plamu
yaliyokwisha kukauka.
Nikamketisha safu ya pili, chini ya maikrofoni.
Bi. Grabel akatupa neno lake; ukumbi ukalipuka, ukatulia.
Ndipo yeye, aliyekuwa bado akingoja maneno yavuke mpaka,
akacheka.
Peke yake. Kicheko chembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Mwongozaji akataka kikatwe kwenye utepe.
"Kikikatwa," Vlasta akasema, "nami nikateni."
Miaka tisa, ndiyo mara pekee niliyomsikia akidai kitu.

Msimu wa kumi haukuja.
Likaja tangazo la sabuni, kisha la dawa ya kiungulia,
kisha simu ikajifunza kunyamaza.
Mitaani watu walimtaka aanguke bure,
foleni ya posta, mlangoni kwa daktari wa meno.
Hata makaburini, siku ya kumzika Ludmila,
mchimba kaburi alivua kofia, akamwomba kwa adabu
ajikwae kidogo tu.
Akajikwaa.
"Usidhani nilimfanyia yule," aliniambia ndani ya gari,
akifuta udongo kwenye soksi.

Sasa yuko nyumba ya wazee, Burbank, chumba cha kumi na nne.
Jina langu limemtoka. La Valerie lilitangulia kutoka.
Saa tisa alasiri runinga ya ukumbini hurudia kipindi,
rangi nyeusi na nyeupe, vicheko vya watu
ambao wengi wao tumekwisha kuwasahau kuwazika.
Wenzake hutazama kioo; yeye hutega sikio.
Ukumbi unalipuka. Unatulia.
Ananibana mkono: "Ngoja. Bado."

Na hakika: ile bawaba.

Wahenga walisema chelewachelewa utamkuta mwana si wako.
Ludmila alichelewa kila neno, kila mzaha,
akamkuta mwana amebadilishwa jina, nywele na nyusi,
amepakwa unga kama mkate,
na bado akamjua kwa namna anavyoanguka.

"Zima," Vlasta ananiambia.
"Yaliyobaki ni kujikwaa tu."