Mgonjwa wa Dirishani

Leo sita. Jana manne.
Yanadondoka yangali mabichi, ndiyo maajabu yake,
bila doa, bila kunyauka,
kama mtu aliyerudi kutoka kazini mzima,
koti bado mwilini, akaanguka mlangoni.
Vikonyo vinabaki vimeng'ang'ania tawi,
vinaonyesha hewani pale palipokuwa na jani.

Mlimau huu si wangu.
Ni wa Kapitolina, mama yake Tikhon,
aliyeuotesha kutoka kipande cha tawi ndani ya glasi ya chai
mwaka ule alioacha kazi kiwanda cha kufuli.
Mtaa wetu huu wa Pavlovo, kila dirisha lina mlimau wake,
na jirani huutazama mti kwanza, ndipo akusalimu.
Nimevuta pazia.
Serafima wa ghorofa ya tatu hupita hapa akienda dukani,
na ana macho.

Nimeukagua kwa miwani ya kusomea, jani kwa jani, upande wa chini,
nikitafuta utando, nikitafuta vumbi linalotembea.
Hakuna.
Nimeufuta kwa pamba.
Nimetia kidole udongoni: umelowa.
Kesho yake: umelowa.
Nami naunywesha Jumapili tu,
theluji niliyoyeyusha jikoni, nikaiacha ipate uvuguvugu.

Nje, digrii ishirini chini ya sifuri. Mto Oka umefunikwa gubigubi.
Kioo kina baridi ya kisu,
na chini ya dirisha bomba la joto linafoka.
Kichwa juani, miguu barafuni:
nani asingeangusha kitu?
Nikakiinua chungu juu ya ubao,
nikakivika sweta kuukuu la Tikhon, mikono nikaifunga fundo kwa mbele.

Yakaanguka tisa.

Usiku ule usingizi ulinipaa.
Nikaenda jikoni bila kuwasha taa
nikamkuta Tikhon dirishani na glasi yake
anamimina masalia ya chai, taratibu,
kama anayempa dawa mtoto aliyesinzia.
"Tangu lini?"
"Tangu tumzike mama," akasema.
"Alipenda chai. Nikadhani..."
Hakumaliza.

Asubuhi nikamwuliza mjukuu, Ustinya, ana miaka saba.
Akatazama viatu vyake.
Kopo moja akienda shule, moja akirudi,
kwa sababu nilimwambia mti unaumwa,
na yeye akiumwa mimi humwambia: kunywa maji.

Mgonjwa haulizwi uji, sawa.
Lakini huyu tulimnywesha watu watatu, kila mmoja kwa siri,
kila mmoja akijiona ndiye pekee anayemkumbuka.

Tumetandika magazeti sakafuni.
Tikhon kashika shina, mimi navuta chungu.
Harufu ya kidimbwi.
Mizizi ya kahawia, inachuruzika vidoleni
kama tambi zilizosahaulika motoni.
Nimekata kwa mkasi wa kushonea, nikakata, hadi nikakuta weupe.
Upo weupe. Kidogo.
Vigae chini, mchanga wa mto tuliouchota kiangazi,
udongo mpya, na chungu kidogo kuliko cha kwanza.
Hilo ndilo lililomuuma Tikhon.
"Ni kama kumlaza mtu mzima kwenye kitanda cha mtoto."

Yamebaki majani kumi na saba.
Ustinya ameyahesabu, kisha akayahesabu kinyumenyume asije akakosea.

Sasa kazi ni kutofanya kitu,
na kazi hiyo hakuna aliyetufundisha katika nyumba hii.
Tunakula. Tunaosha vyombo.
Tunapita karibu na dirisha mikono nyuma,
kama wageni wa makumbusho.
Kidole kimoja tu kina ruhusa, nacho ni changu.

Jana lilianguka moja. Leo bado.

Usiku namsikia Tikhon akifika mwisho wa chai yake.
Anasimama. Ubao wa sakafu unalia, mara moja.
Katika glasi yamebaki maji ya vidole viwili, yamepoa,
na hajui ayamwage wapi.