Ngwii

Kiangazi gari lilikuwa bubu.
Masika yalipoingia, kila kona ya kushoto: ngwii,
kama mlango wa choo cha uani.

Mafundi watatu walikwishakula hela ya Mwinjuma.
Shokapu mpya. Springi mpya.
Ngwii ileile.

Gerezani, fundi Tausi akajilaza juu ya boksi,
chini ya gari lile jekundu, bado linachuruzika,
lisilopita tuta bila kusali.
"Kata usukani. Tena. Taratibu, hushindani na mtu."
Mvua ilitwanga bati, sikio halikufaa kitu;
akasikiliza kwa kiganja.

"Hapa. Boljointi. Kifuko kimechanika,
maji yameosha grisi."

"Bei?"

"Elfu arobaini."

Mwinjuma akamtazama kwa mashaka:
mbona rahisi?