Nipo

Viti mia na ishirini vya plastiki, vya buluu,
vyangu. Chini ya kila kimoja nimeandika O.N.
kwa rangi ya kucha ya mke wangu,
maana sherehe za Newala zina mikono mirefu.

Nilivipanga bwaloni tangu alasiri,
ukungu ukipanda kutoka bondeni,
ukipita madirishani bila kadi ya mwaliko,
kama mimi.
Kamati ilinipigia simu kuuliza bei.
Haikuuliza nilimaliza mwaka gani.

Wakaja: wa Dar, wa Dodoma, mmoja wa Maskati,
wakikumbatiana kwa majina ya utani
ambayo wake zao hawakuwahi kuyasikia.
Wameagiza ming'oko. Ming'oko!
Enzi zile tuliila nyuma ya stoo
kwa sababu wenye mkate walitucheka.
Leo imelazwa kwenye sahani nyeupe, na vijiti vya meno,
na bwana mmoja anaipiga picha kabla ya kuimenya.

Tuzo ya mhitimu aliyefika mbali: Ewaldi Nambunga.
Kweli amefika mbali. Rula yangu anayo hadi leo.
Tuzo ya fizikia: Somoe Likanda, kidato cha nne,
aliyekipokea cheti kwa mikono miwili
kama mtu aliyepewa amshikie jirani mtoto mchanga.
Viatu vilikuwa vya kuazima.
Nilijua kwa jinsi vidole vilivyokuwa vikivitafuta
kila hatua.

Kisha ahadi. "Madawati hamsini!" Makofi.
"Mimi mia!" Makofi, na vigelegele.
Mhasibu wa shule aliandika yote,
halafu akaitazama kalamu
kama anayeidai.

Ndipo Mwalimu Hokororo, wa hesabu,
ambaye macho yake yana ukungu wao wenyewe,
akaombwa atoe neno.
Hakutoa neno. Alikunjua kiganja kama daftari
akaanza:

Abdala Mchopa.
Kimya.
Asumini Dadi.
"Nipo!" Meza ya mbele, miwani, kicheko.
Burkadi Chilala.
Mtu akanong'ona, "Alishatangulia, mwalimu."
Mwalimu akaweka alama hewani kwa kidole,
akasubiri wino ukauke.
Ewaldi Nambunga.
"Nipo."

Akaenda hivyo, jina kwa jina,
bila karatasi, bila kuruka, walio hai na waliolala,
na kijiko hakikugonga sahani.
Mimi nilikuwa mlangoni, viti sita kifuani
kwa ajili ya waliochelewa.

Osmundi Nandonde.

Sifuri yangu ya mwaka ule ilibandikwa ubaoni
wiki tatu, mvua ikainyeshea, haikufutika.
Nilidhani ndiyo iliyokula jina langu.

Neno lenyewe nalijua. Sokoni wananiuliza kila asubuhi,
"Upo?"
nami najibu, "Nipo nipo tu,"
yaani hakuna habari,
yaani salfa imepanda bei na mikorosho ina ubwiri,
yaani usiulize zaidi.

"Nipo, mwalimu," nilisema.
Mara moja. Bila "tu".

Vichwa vikageuka. Ewaldi akasimama nusu, akakaa.
Mwalimu akaelekeza sikio mlangoni.
"Umechelewa," akasema,
na bwalo zima likacheka, na mimi nikacheka,
na viti vikanitetemeka mikononi.
Rukia Mkwinda, akaendelea.

Saa sita usiku nilihesabu: mia na kumi na tisa.
Nikahesabu tena. Kazi yangu ni kuhesabu.
Magari yalikuwa yameshateremka mlima,
ming'oko imebaki nusu sahani, nikaila nimesimama.

Akatokea gizani yule binti wa fizikia,
peku, viatu mkononi, kiti kichwani.
Alikuwa amempelekea bibi yake
aliyetazama sherehe yote kwa nje ya dirisha.

"Shikamoo. Hiki ni chenu?"
Nikakigeuza. O.N., kwa rangi ya kucha.
"Marahaba," nikasema. "Chetu."